Dari la Hebblethorpe

Rafiki yangu Philippa Garside, mkaguzi wa majengo, si mtu wa kuogopa. Kazi yake ni kudharau. Alasiri moja ya Desemba, giza la mapema la majira ya baridi likiwa limeshaingia, alikwenda Hebblethorpe, mji wa viwanda vya pamba, kukagua kanisa la Wamethodisti lililofungwa miaka ishirini, aamue kama libaki au libomolewe.

"Mbele nguzo za Kigiriki, nyuma ghala la pamba," alimwambia Enoch, mzee mtunza funguo. "Maskini kajipaka poda!"

"Waliolijenga walikuwa wakitoka kiwandani hoi, binti yangu, wakimumunya pipi za mnanaa wasisinzie kwenye mahubiri."

"Ndiyo, inaonekana!"

Akapanda darini peke yake, akatambaa na tochi hadi katikati, penye ua kubwa la plasta la kupamba dari, lililotobolewa matundu ili joto la waumini elfu moja walioketi chini lipate pa kutokea.

"Bomba la jasho la makabwela," akacheka. "Hili ni la kubomoa tu."

Chini yake mtu akakohoa. Akakohoa mwingine, kisha wengi, kama watu wanaosafisha koo kabla ya kuimba.

"Mzee Enoch, umeleta wageni?"

Vikohozi vyote vikakatika kwa mpigo.

"Wageni gani?" Enoch akajibu kutoka kwenye ngazi, nyuma yake. "Kanisani hamna mtu."

Philippa akaweka kiganja juu ya matundu. Hewa ya moto ikapanda, ikatulia kidogo, ikavutwa chini. Ikapanda tena, taratibu. Alipoutoa mkono, kiganja kilikuwa kimelowa, kinanukia pipi za mnanaa.