Mpini Unaotaka Mkono

Wifi yangu ndiye aliyenipeleka kwenye duka lile, na mpaka leo hajajisamehe.

"Twende kabla hawajafunga," aliniambia jioni ile huku akijifunga kitambaa kichwani. "Au unataka kuingia msituni na kisu changu cha vitunguu?"

Nilikuwa nimepata kazi ya kukusanya mbegu za miti. Msimamizi alikwishasema kila mtu aje na kisu chake, na kisiwe cha kukunja. Kikijikunja na vidole vyako, alisema, kule hakuna wa kukushona.

Duka lilikuwa mwisho wa uchochoro wa mafundi cherehani, unashuka vingazi vichache kutoka barabarani. Wifi alilisikia kwa watu tu. Wanauza visu vipande vipande, bapa mbali, mpini mbali, unachagua na kuunganisha mwenyewe. Tulipofika mlangoni simu yake ikalia. Alikuwa kaka yangu.

"Huyu bwana akichelewa kula kidogo tu anatafuta talaka," akanong'ona. "Ingia, mimi nipo hapa nje."

Nikaingia.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Mafuta ya mashine, vumbi la mbao... na chini yake harufu nyingine, kama jasho la mtu aliyelala na homa.

"Karibu, dada."

Nyuma ya meza ya kazi alikaa kijana mwembamba aliyevaa aproni ya ngozi. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuficha chini ya meza. Aliongea polepole, kama mtu mwenye mgonjwa chumba cha pili.

"Chagua bapa."

Mabapa yalikuwa yametandazwa juu ya kitambaa. Nikanyakua refu kuliko yote.

"Hilo linapendeza macho, mkono litauchosha. Unaendea kazi gani?"

Nikamweleza. Akanisogezea jingine, fupi, lenye mgongo mnene. "Tazama mkia wake. Unashuka mpaka mwisho wa mpini. Hili hata ukiligonga kwa gogo halikatiki shingoni. Litapata kutu ukilizembea, lakini jiwe lolote la mtoni litalinoa."

Aliijua kazi yake, nami nikatulia. Mtego mzuri hunukia chakula.

Vipande vya mipini vilining'inia ukutani, viwili viwili, vimefungwa uzi. Vilikuwa vingi mno kwa duka dogo kama lile. Nikachukua jozi moja nyekundu.

"Mbona ina joto?"

"Mti mzuri hushika joto," akajibu. Hakunitazama.

Nikakaa mezani, nikaanza kazi. Nikausugua mkia wa bapa kwa msasa mpaka ukang'aa. Nikakoroga gundi juu ya kipande cha boksi, nikaipaka, nikauvika mkia mbao pande zote mbili. Nikapitisha vijiti vya shaba kwenye matundu na kuvigonga kwa nyundo ndogo. Kila nilipogonga, kijana alifumba macho.

"Jiliwa liko wapi, nikibane?"

"Gundi hii haitaki jiliwa," akanong'ona. "Inataka mkono. Shika, dada. Kaza."

Nikashika. Nikakaza.

Kijana akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetolewa majini. Kitu kikaanguka chini ya meza, kikalia kama chuma kwenye sakafu. Kisha mkono wake wa kulia ukapanda juu, taratibu. Vidole vilikuwa vimejikunja. Kiganja kilikuwa kimepauka kama kitu kilichokaa miaka chini ya jiwe.

"Nisamehe," akasema, machozi yakimtoka. "Na mimi niliambiwa nishike tu."

Akavua aproni. Akanivika shingoni. Akakimbia.

Mlango ukajifunga.

Nikataka kuachia. Vidole vikakataa.

Nikasimama, kisu hakikusimama nami. Kilikuwa kimelala pale juu ya meza, kizito kama kimeota mizizi, na mkono wangu juu yake. Nikavuta mpaka bega likalia. Ndani ya mpini kitu kilikuwa kinapiga... taratibu... kama mshipa wa shingo.

"Wifi!" nikapiga kelele. "Wifi, fungua!"

Nilimsikia vizuri kabisa, nje ya ubao ule wa mlango. Alikuwa anaongea na yule kijana.

"Amepata kazi? Humo ndani? Leo leo?" Akacheka. "Huyo naye! Haya, mwambie namtangulia, mume wangu ana njaa."

Viatu vyake vikapanda vingazi. Vikaenda zake.

Nililia, nikapiga mlango mateke yasiyoufikia. Taa ikafifia. Ukutani mipini ikaanza kugongana, ko... ko... ko... na hapakuwa na upepo. Halafu nikasikia mtu ananong'ona karibu sana na sikio langu. "Karibu... karibu, dada... chagua bapa..."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Ulikuwa mdomo wangu.

Hapo ndipo nilipoikamata nyundo kwa mkono wa kushoto. Sikufikiri. Nikaupiga mpini, nikavipiga na vidole vyangu humo humo, nikapiga tena. Mbao ikapasuka. Kitu kikapiga yowe, na safari hii haikuwa sauti yangu. Nikavuta. Ngozi ya kiganja ikabaki kwenye gundi, mimi nikaangukia mlango, nao ukafunguka kama haukuwahi kufungwa.

Nyumbani nilimkuta wifi ameshika mwiko. "Si umepata kazi?" akauliza. Kisha akaona damu, mwiko ukamtoka mkononi.

Kesho yake mchana tulirudi wote wawili. Simu yangu ilikuwa imebaki ndani, ndivyo nilivyojidai. Kweli ni kwamba sikulala. Kila nilipofumba macho niliusikia ule mpini ukipiga.

Kwenye vingazi alikuwa amekaa mama mmoja mtu mzima, miguu imejaa vumbi. Tukamwamkia. Akaitikia, sikio akiwa amelielekeza mlangoni. Ndani mtu alikuwa analia kwa kwikwi.

"Ni mwanangu," akasema. "Alitoka kununua kisu cha safari, wakati huo nywele zangu zote nyeusi. Jana magharibi akapiga hodi. Uso ule ule, wanangu, hajazeeka hata siku moja. Nikampakulia. Tonge la kwanza halijafika mdomoni akapiga yowe, kiganja kikachanika chenyewe, akatoka mbio kama anayevutwa kwa kamba. Nimemfuata mpaka hapa. Nimelala hapa."

Nikauficha mkono wangu wenye bandeji nyuma ya gauni. Nikachelewa. Alikwishauona.

"Ni wewe?"

Nikampigia magoti, nikamwambia yote. Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Mama akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama mtu anayeelekezwa njia.

"Kumbe kinachotakiwa ni mkono tu," akasema.

"Mama, usiingie. Tafadhali."

"Huu umemwogesha, umemlisha, umemfuta makamasi." Akautazama mkono wake, akaukunjua na kuukunja. "Una kazi gani nyingine?"

Akausogelea mlango, akabisha kwa adabu.

"Fungua, baba. Mimi ni mteja."

Kilio kikakatika. Kisha sauti ya kijana, imevunjika: "Mama, nenda nyumbani."

"Siendi. Fungua."

Mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita. Nilimshika kanga. Ilinibaki mkononi, yeye akaingia.

Tukasikia msasa. Tukasikia nyundo ndogo, bila haraka, ya mtu aliyezoea kazi za mikono. Tukamsikia kijana akisihi. Kisha hatukusikia kitu.

Kijana akatoka analia kama mtoto mdogo, mikono yote miwili mitupu, ameinyoosha mbele kana kwamba si yake.

"Amenipokonya nafasi," akasema. "Kanipokonya, kaniambia niende nikamalizie chakula."

Sikwenda msituni. Kiganja kimepona vibaya, hakikunjiki vizuri. Kijana yule kila siku alikaa kwenye vingazi akiomba aruhusiwe kurudi ndani, mpaka ndugu zake wakaja kumchukua. Na kwa miezi kadhaa mama hakumuuzia mtu kisu. Mteja akichungulia tu, alimfukuza kwa ukali. Hakuna visu, nendeni, hakuna visu! Uchochoro mzima ulimcheka. Mimi nilimwombea.

Juzi wifi alipita pale. Alikuwa ameapa hatapita, lakini barabara nyingine ilikuwa imefungwa.

Anasema mlango ulikuwa wazi na mama amekaa nyuma ya meza, mkono mmoja chini. Amekonda sana. Hakufukuza mtu. Alimsalimia wifi kwa upole, akaulizia watoto, akaulizia hali ya kaka yangu, huku macho yake hayatoki kwenye mikono ya wifi.

Halafu akamuuliza kama nyumbani wana kisu kizuri.