Alinitemea Mate, Baba Yake Akacheka

Mate yalinipata jichoni...

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe kwa mikono miwili, siwezi hata kujifuta. Sebuleni wamejaa wageni wa mume wangu, watu wa kazini kwake. Mbele yangu amesimama binti yake wa miaka tisa, mikono kiunoni.

"Nimesema nataka juisi, si chai! Huna masikio?"

Nikamgeukia baba yake. Nikangoja aseme neno. Hata moja tu!

Akacheka.

"Mnamwona Bosi wangu?" akawaambia wageni, akimwonyesha bintiye. "Huyu hapelekeshwi na mtu!"

Ndugu zangu mnaonisoma... nilikwenda jikoni nikanawa uso, halafu nikaacha bomba likimwaga tu, ili watu wasinisikie nikilia.

Mimi ni mwoka mikate. Mikono yangu ina alama za tanuri mpaka kwenye viwiko. Niliolewa na mwanaume aliyeachana na mkewe, mtoto akabaki kwake. Nikajisemea, mtoto wa mwenzio ni wako. Nilimsuka, nilimfulia, nilimuuguza alipopata homa.

Yeye ananiita "wewe".

"Wewe, viatu vyangu viko wapi?"

"Wewe, usikae hapo, unanuka hamira!"

Tena si mimi peke yangu. Alimwita mlinzi wa shule mbwa. Mama jirani ana mguu mbovu. Yule mtoto alimfuata nyuma akichechemea kama yeye, mtaa mzima ukiona. Nikimkanya tu, mbio kwa baba.

"Baba, huyu ananionea!"

"Mke wangu, mwache mtoto," mume wangu ananijibu. "Hujui nani anamjaza sumu? Mama yake! Kila akitoka kule anarudi hivi."

Nikaamini. Nikamchukia mwanamke ambaye sijamwona hata kwenye picha.

Kesho yake baada ya yale mate, nilivua aproni, nikamfuata huyo mama kazini kwake. Anapiga pasi kwenye duka la dobi. Njiani nilikuwa nimejipanga maneno makali, we acha tu!

"Wewe ndiye mama yake Bosi?"

Akaweka pasi pembeni. "Usimwite hivyo. Ana jina lake."

"Mwanao kanitemea mate mbele ya wageni! Unamfundisha nini huku?"

Hakukasirika, jamani. Hilo ndilo lililonitisha. Alinivutia kiti.

"Usoni?" akauliza.

"Usoni."

"Hata mimi hunitemea usoni."

Nikakikalia kile kiti...

"Dada, huyu alipoanza tu kuongea, baba yake alikuwa akimwambia: mwambie mama, huna akili. Mtoto akisema, anarushwa juu, anabusiwa, anapewa pipi. Nikilia, naambiwa sijui utani. Mtoto akaelewa kwamba akitaka kupendwa na baba, anitukane mimi."

"Sasa kwa nini hukuondoka naye?"

"Niliondoka naye. Akamlilia baba yake mpaka sauti ikakauka. Na mwenzangu ana nyumba, ana maneno matamu mbele ya wazee. Mimi nina pasi."

Nilirudi nyumbani. Jioni mezani, kwa mara ya kwanza, nikamtazama mtoto vizuri.

Kabla ya kufungua mdomo, alimtazama baba yake.

"Chakula chako kibaya," akaniambia.

Akamtazama tena. Baba akamkonyeza. Mabega ya mtoto yakashuka kwa ahueni, kama mtu aliyefaulu mtihani!

"Kumbe ni wewe," nikamwambia mume wangu. "Siku zote ni wewe!"

"Mimi nimefanyaje? Mtoto kasema lake. Kama utani umekushinda, mlango ule pale."

Nilikimbilia kwa wifi yangu, dada yake mkubwa, nikidhani atamkanya mdogo wake. Alinisikiliza huku akichambua mboga.

"Mama wa kambo wote husema hivyo," akanijibu.

Nikafunga begi.

Asubuhi niliyoondoka, mume wangu alikuwa bafuni akinyoa ndevu. Nimefika mlangoni, nikasikia vidole vinanigusa sketi. Yule mtoto! Peku, nywele hazijachanwa.

Akaninong'oneza, "Nikiacha kukutukana, utabaki?"

Jamani... jamani!

Nikapiga magoti. Sijajibu, sauti ikatoka bafuni:

"Bosi! Unaongea na nani huko?"

Mtoto akashtuka. Akapaza sauti yote:

"Nenda zako! Hakuna anayekutaka hapa!"

Kicheko cha baba yake kikaja mpaka mlangoni.

Lakini mkono wa mtoto, ndugu zangu, ulikuwa bado umeng'ang'ania sketi yangu. Haukuachia. Nilivifungua vile vidole mwenyewe, kimoja kimoja, kwa sababu si mwanangu, na hakuna mahali ningempeleka ambapo baba yake asingekuja kumchukua.

Sasa nimepanga chumba karibu na kazini. Jumamosi akiletwa kwa mama yake, pale dukani kwa dobi, mama yake hunipigia simu, nami naenda na mkate wa moto. Mwanzoni anatutukana wote wawili. Hatumchapi, hatucheki. Tunamwambia tu, "Hapana. Sema vizuri." Anarusha kiatu, ananuna... kufikia mchana anachoka, anasema "naomba" na "asante" kama mtoto yeyote. Juzi alimpisha mteja mzee akae, hakuna aliyemwambia!

Jumapili jioni gari la baba yake likaja kumchukua. Akamtazama baba usoni. Akatugeukia. Akatema mate chini, mbele ya miguu yetu.

Mama yake akachukua pasi akaendelea na kazi. Mimi nikashika kikapu changu kitupu. Tungefanya nini?

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakutuambia tufanyeje pale mmoja analea na mwingine anabomoa.

Basi wewe mzazi unayesoma hapa, siku mtoto wako akimdharau mtu mbele yako, mlinzi, jirani, mama yake, yeyote yule, ataanza kwa kukutazama usoni. Hapo ndipo anapojifunza.

Nakuomba, usicheke.