Mpaka Iite Mara Tatu

Kengele ililia mara moja, tii, na Muntasir akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Hakuna mtu."

Bi Farida, mama yake, alikuwa chini mkekani anachambua mchele. "Hakuna mtu wapi tena?"

"Humu kwenye kompyuta, mama."

Tisini na saba hiyo, mitumba imefurika Temeke, nguo, friji, mpaka kompyuta. Hii ilikuwa ya Mzee Anselmo, mchapaji wa kalenda, aliipata mnadani pamoja na mtambo wake wa kuchapia. Muntasir akaichukua aitengeneze nyumbani, kwenye chumba kinachotazama uani, akaitegea na kengele ili asikie kila inapokosea.

Bi Farida shule hakuiona, lakini ukimpa kitu kwa mfano hakimtoki. Basi mwanawe akamweleza. Ndani ya kompyuta yumo bwana mkubwa, wanamwita keneli. Bwana mkubwa hasemi na vyombo mwenyewe. Kila chombo kina mshenga wake, ndiyo draiva. Chombo kikiwa na haja kinaita, mshenga anaitika, anapeleka neno. Sasa kadi ya kuendeshea ule mtambo, kibao cha kijani kama kiganja, ilikuwa mbovu. Inaita na haina neno. Mshenga akiitika anakuta kimya, anaduwaa, na mashine nzima inaganda.

"Si mtafute nyingine?"

"Haipo, mama. Kariakoo nzima haipo. Ubovu huu imezaliwa nao. Ninachoweza ni kumfundisha mshenga aishi nao."

"Basi mfundishe nilivyokufundisha wewe. Ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike mpaka mara ya tatu. Jini hana pumzi ya kuita mara tatu."

Muntasir alicheka, kisha akaanza kuandika. Jioni ile kompyuta haikuganda hata mara moja. Kadi ikiita moja, mshenga kimya. Mbili, kimya. Tatu, naam.

Bahiya, mkewe, alitoka jikoni anajifuta mikono kwenye kanga. "Kumbe fundi ni mama! Wewe unamshikia bisibisi tu." Akacheka mpaka pumu ikamkamata, akaifuata dawa yake ya kupuliza, ile anayoiachaga dirishani kwenye chumba hicho hicho, akavuta, akatulia.

Siku ya nne, saa saba mchana, umeme wa mgao ulikatika. Kompyuta imezima, kioo cheusi. Tii.

Muntasir na mama yake wakatazamana. Chumba kikanuka udi, lakini udi uliomwagiwa maji. Halafu kutoka uani, sauti ya Bahiya: "Muntasir!"

Akatoka mbio. Uani hakuna mtu, kamba ya nguo tu inacheza, na upepo hakuna. Bahiya alirudi baada ya saa nzima, anatoka soko la Tandika na kikapu chake cha mihogo.

"Uliitika?" Bi Farida alinong'ona.

"Sikuitika, mama."

"Alhamdulillahi. Basi kuanzia leo humu ndani ni mara tatu kwa kila mtu."

Bahiya alipoambiwa alishika kiuno. "Nna mke mwenza ndani ya boksi, na sauti kaniibia!" Lakini tangu hapo akawa anaita kwa mkupuo, Muntasir Muntasir Muntasir, chakula, na wote wanacheka, hata Bi Farida aliyekuwa hapendi.

Ikawa hivyo siku nyingi. Jua likifika utosini, tii, udi, sauti. Mara moja, siku nyingine mbili. Tatu haikufika hata siku moja, na Bi Farida akaona amelishinda lile jini.

Jumanne ile Bahiya alikuwa anafua uani. Umeme hakuna, jua linawaka, jirani wote wamelala mchana, na kengele ikalia tii kwenye mashine iliyozimwa, udi ule ukapanda, na sauti ikaja, "Muntasir," ndogo, kavu, na Muntasir akainuka nusu, na Bi Farida akamshika mkono, akambana, akamwambia kwa pumzi tu, subiri mwanangu, ni moja hiyo, na wakasubiri, jasho linawatiririka, macho kwenye mlango, ikaja ya pili, haikufika hata mwisho wa jina, "Munta...", na yule mama akazidi kumbana, bado, bado moja, na wakakaa kusikiliza ile ya tatu mpaka bomba la uani, lililokuwa linamwaga maji kwenye beseni, likajaza beseni na maji yakaanza kuingia chini ya mlango yakiwa na povu la sabuni.

Hapo ndipo Bi Farida alipogeuza shingo akaiona dawa ya kupuliza. Dirishani.

Walimkuta Bahiya amelala ubavu, hatua tatu toka mlangoni, mkono umenyooshwa. Hakuwa na pumzi ya kuita mara tatu.

Baada ya maziko shehe Khalfani alikuja akasoma siku saba. Kadi akaichomoa, akaifunga kwenye kaniki, akaenda kuizamisha mwenyewe baharini. Akasema, kimetoka. Hata harufu ilikuwa imekwisha.

Muntasir hakumlaumu mama yake, na hilo ndilo lililomuua zaidi Bi Farida. Siku ya arobaini alimkuta mbele ya mashine, anaandika.

"Unafanya nini, baba?"

"Nafuta ile ya mara tatu, mama. Nataka mshenga aitike mara ya kwanza."

"Si kadi haipo?"

"Najua haipo."

Akambusu mama yake mkono, akatoka kwenda kuswali. Bi Farida akabaki peke yake. Umeme ukakatika, kioo kikawa cheusi.

Tii.

Udi ukapanda taratibu. Na nyuma ya mlango wa uani, karibu kabisa, sauti ya mkwewe ikasema, "Mama."

Alijua si Bahiya. Akaifunika midomo yake kwa kanga kwa mikono miwili, akahesabu, moja. Akangoja. Akayaona maji yanaingia chini ya mlango, yana povu.

Mikono ikamshuka yenyewe.

"Abee, mwanangu," akasema. "Abee. Nakuja."

Na kitasa cha mlango kikazungushwa kutoka nje.