Beseni Lililofunikwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jenifer aliosha vibuyu vya maziwa na kufunika maji yote ya nyumbani. Kwa jambo hilo mama yake, Dominika, alikuwa mkali kuliko bwana afya.

Familia yao ilihamia Mtowisa na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Tangu maduka ya watu binafsi yaanze kuuza dawa za mifugo, baba yake, Bundala, aliwatibu ndama mwenyewe. Safari hii ndama walipona, na maji ya dawa aliyowanywesha yakabaki nusu pipa. Alitaka kuyamwaga mferejini, juu kidogo ya kisima cha kijiji.

Mwalimu Alfonsi wa sayansi alimsihi asubiri. "Vijidudu vikiizoea dawa majini, siku mtoto akiugua dawa hiyo haitamsaidia," alisema.

Mwalimu alikuwa na unga mweupe aliopewa na rafiki yake wa chuo kikuu. Ndani ya maji, unga huo ukipigwa na jua huichochea dawa ivunjikevunjike. Alichota beseni moja la maji ya pipa, akatia unga, akaliweka uani kwa Bundala. Jenifer alipewa kazi ya kulikoroga mchana kutwa.

Jioni mwalimu alichukua vikombe viwili vya maziwa yenye mtindi kidogo. Kimoja alikitia maji ya kisima, kingine maji ya beseni. Dawa ikiwa bado imo, alieleza, itaua vijidudu vya mtindi na maziwa hayataganda.

Asubuhi kikombe cha maji ya kisima kilikuwa kimeganda vizuri. Cha beseni kilikuwa bado majimaji.

"Unga wako umeshindwa, mwalimu," alisema Bundala. "Nimesubiri vya kutosha."

Bundala akalifuata pipa kando ya mfereji, akashika ukingo wake.

Jenifer alikumbuka. Jana lori lilipita likitimua vumbi, naye kwa mazoea akalifunika beseni kwa ungo, akaenda kuchunga ndama; alilifunua jioni tu, kabla mwalimu hajafika. Mwalimu alikuwa amemsifu mbele ya darasa zima kwa uangalifu wake. Atasemaje sasa? Pipa likaanza kuinama.

"Baba, usimwage!" Jenifer alilikimbilia pipa. "Kosa ni langu. Nililifunika beseni. Jua halikuliona."

Bundala alilisimamisha pipa polepole.

Walirudia jaribio, beseni likiwa wazi juani, Jenifer akilikoroga kwa uaminifu. Safari hii maziwa yaliganda hata kijiko kikasimama. Basi maji ya pipa nayo yakatiwa unga na kuanikwa juani kwenye mabeseni, kisha yakamwagwa kwenye shimo mbali na kisima.

Jenifer alisubiri kugombezwa. Baba yake alimsogezea kikombe cha maziwa mgando kutoka kibuyuni.

"Kukosea ni jambo la kila mtu, mwanangu," alisema. "Ila ukikosea, sema kabla pipa halijamwagika. Aibu yako umeimeza peke yako. Ungenyamaza, kijiji kizima kingeinywa dawa ile."