Filimbi ya Mwalimu Odeta

Siku walipokutana, Masunga nusura amgonge Odeta. Ilikuwa asubuhi ya gulio, mwaka 1995, barabara ya sokoni Mpanda imejaa magunia ya mpunga, naye analipenyeza basi la shule ya misheni huku akipiga honi bila kupumzika. Mwanamke wa kitenge cha njano akasimama mbele ya basi, kamshika mtoto mkono.

"Dada, umechoka kuishi?"

"Huyu hasikii honi yako! Mimi ndiye mwalimu mpya wa viziwi. Fungua mlango."

"Wa viziwi? Mbona makelele yote ni yako?"

Odeta akacheka bila kutaka. Penzi lao lilianza hivyo, kwa kukaripiana, na baada ya miezi sita mji mzima ulijua. Viziwi walikaa viti vya mbele, watoto wengine nyuma, na Masunga akimchokoza mwalimu kupitia kioo.

"Mrundi wangu, leo umependeza mpaka naona haya."

"Tazama barabara, Msukuma wewe."

Tatizo la Masunga lilikuwa mdomo. Siku moja watoto walipowachelewesha, akaropoka, "Hawa watoto wako, mpenzi! Ipo siku nitawatia adabu." Odeta alinuna kutwa nzima.

Jioni ile ile, kijijini Mwamkulu, Isidori, kiziwi wa miaka minane, alishuka akapita mbele ya basi ili avuke. Lori la mbao lilikuwa linakuja mbio kutoka upande wa pili. Honi ingemsaidia nani? Masunga aliruka nje, akamkumba mtoto, wakaangukia mtaroni ng'ambo ya barabara. Lori likapita bila hata kupunguza mwendo. Odeta alikuwa mlangoni akiwashusha wengine, hakuona lolote. Alipozunguka basi alimkuta Masunga kamlalia Isidori, na mtoto anavuja damu mdomoni.

Hakuuliza. Alipuliza filimbi yake ya michezo kwa hasira zake zote.

Kwao Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi, filimbi ilikuwa ya mpira, ya kusimamisha rafu. Mwamkulu, miaka ile ya ulinzi wa sungusungu, filimbi ilikuwa ya kuitia watu mwizi. Wanaume wakatoka mashambani na marungu.

"Anaiba mtoto! Ua!"

Rungu la kwanza lilimvunja Masunga mkono. La pili likampasua jicho la kushoto. Alipojaribu kusema, teke likamjaza udongo mdomoni, na vipigo vikaendelea, vizito, vya watu waliozoea kazi. Hapo ndipo Isidori alipomng'ata mguu mmoja wao, akamgeukia mwalimu, akaongea kwa ishara za mikono: lori, mimi, yeye akanisukuma.

Odeta akaelewa. Alijirusha juu ya mpenzi wake, na rungu lililokuwa linashuka likamvunja yeye bega.

"Ni dereva wetu! Mimi ndiye mkosaji! Nyie, niueni mimi!"

Siku tisa Masunga alilala hospitali akimpa Odeta mgongo. Siku ya kumi alisema.

"Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Jicho limekwenda, Odeta. Basi la shule amepewa dereva mwingine, Cletus. Lakini hayo siyo yanayoniuma. Wewe, unayenijua, uliamini naweza kumpiga mtoto?"

"Niliamini," alisema, na machozi yakamtoka. "Ulitamka mwenyewe, nami nikaiona damu. Nioe, Masunga."

"Kwa kunihurumia?"

"Nisingekuja siku tisa kutazama mgongo wa mtu kwa huruma. Nakupenda. Ila nilikupenda vibaya. Mtu unayempenda, unamuuliza kwanza."

Wodi ilikuwa na kelele za ndugu waliokuja na vyakula. Masunga akageuka, taratibu, kwa maumivu, mpaka akamwona.

"Basi niulize."

Odeta alifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Masunga, ulimpiga Isidori?"

"Sikumpiga."

"Nimekuamini."

Masunga akamsogezea mkono wake ule mzima.