Makala ya Jumatano, Saa Nne

Dobi huyu alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na yaliyompata aliyasimulia mara moja tu. Hakutaka kuulizwa tena.

Alikuwa mtu wa mpango. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba: meza ya pasi, mabeseni matatu, na uani kamba mbili za kuanikia. Wateja walimwita Mwalimu wa Madoa, maana hata ukimpelekea shati moja huondoki bila somo. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyemwambia, "Mke wangu, haya masomo yaandike. Masikio ya wateja yamechoka."

Ndipo akafungua blogu. Kila Jumatano saa nne asubuhi ilitoka makala moja: wino kwenye mfuko, jasho kwenye kola, sweta lililorudi utotoni baada ya maji ya moto. Maarifa mengi yalikuwa ya mama yake mzazi, aliyekuwa dobi kabla yake na sasa akiishi naye, macho yamefifia lakini mdomo mzima kabisa.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, alikaa mezani na kompyuta kupanga makala za mwezi mzima. Unaandika, unachagua tarehe na saa, unabonyeza. Siku ikifika makala inatoka yenyewe, hata kama mikono yako iko kwenye sabuni. Mama alikuwa kitini kando yake, anashona vifungo kwa kupapasa.

"Umefikisha ngapi?"

"Nne, mama. Mwezi umejaa."

Akafungua orodha ahakikishe. Zilikuwa tano.

Ya tano ilikaa juu kabisa, Jumatano ya wiki hiyo: "Namna ya kutoa damu kwenye shati la kazi." Akaisoma. Ilianza na salamu yake ya siku zote, "Wapenzi wa maji na sabuni". Hata kosa lake la kuandika "asubui" lilikuwemo. Anza na maji baridi, ilisema. Usisugue kwa hasira. Shati la bluu hukawia kuliko jeupe. Dobi akajicheka. Kichwa kimeanza kuvuja, alijiambia, naandika na kusahau. Akaiacha ilivyo, akasogeza ile ya wino mbele wiki moja.

Jumatano ilipofika, mumewe aliletwa nyumbani na wenzake wawili kutoka zahanati, kiganja kimefungwa bandeji. Jiwe la mashine ya kukatia vyuma lilikuwa limepasuka mashine ikiwa mkononi mwake. "Usilie, vidole vyote vipo, nimevihesabu," alisema, akijaribu kutabasamu. Dobi alimvua shati, akalizamisha kwenye beseni la maji baridi. Lilikuwa la bluu. Maji yakawa mekundu taratibu, na juu ya meza ya pasi simu ikatetemeka.

Makala yako imetoka.

Jumapili iliyofuata hakutaka kuifungua kompyuta. Aliifungua. Kulikuwa na nyingine: "Namna ya kukausha godoro lililolowa." Aliifuta. Jumatatu ilikuwa imerudi. Akaifuta tena, Jumanne ikarudi mahali pale pale, Jumatano, saa nne. Basi asubuhi ile akafunga koki zote, akatoa ndoo zote chumbani, akakaa mlangoni kama askari. Saa nne kasoro dakika chache dari likatoa mlio. Tangi la juu ya paa lilikuwa limepasuka. Maji yalishuka juu ya kitanda kama mtu anayamwaga kwa makusudi, na yeye amesimama pale, mikono mitupu.

Simu ikatetemeka. Safari hii makala ilikuja na picha. Ilikuwa chumba chake: pazia lake, dirisha lake, godoro lake limeegemezwa ukutani linachuruzika. Akainua macho kutoka kwenye simu.

Godoro lilikuwa bado kitandani.

Mchana huo huo akaibeba kompyuta mpaka kwa fundi wa kompyuta, kijana mcheshi ambaye nguo zake za kazi zilifuliwa na dobi. Fundi akaipekua kwa muda mrefu.

"Mama, nani mwingine ana neno lako la siri?"

"Hakuna."

"Basi umeandika wewe. Kwenye mashine hii hii. Zote, Jumapili ile ile, saa tisa kasoro."

Dobi akakumbuka. Saa tisa kasoro Jumapili ile ya kupanga makala za mwezi aliinuka kidogo kwenda uani kuanua nguo. Mezani palibaki kompyuta. Na mama, ambaye hajui hata kuiwasha.

"Umesema zote," dobi alisema. "Zote ni ngapi?"

Fundi akaigeuza kompyuta ili asome mwenyewe.

"Namna ya kupanga nguo za marehemu." Jumatano ijayo. Saa nne.

Ilikuwa fupi. Toa kila kitu kabatini, ilisema. Kabla ya kufua, nusa kwanza, kwa sababu harufu ya mtu hairudi. Usifue zote. Bakiza moja.

Fundi hakuwa na mzaha tena. Aliifuta blogu nzima mbele ya macho yake, makala zote, picha zote, akaunti na kila kitu. "Haipo," alinong'ona. "Hata mimi siwezi kuirudisha." Kisha akaifunga kompyuta na kuisukumia upande wa dobi. "Tafadhali usiniachie hapa."

Usiku dobi alimwambia mumewe.

"Nguo za nani?" mume aliuliza.

"Haisemi."

"Mama tusimwambie."

"Hapana. Asijue kabisa."

Wiki ile dobi alifanya yote ambayo mtu anaweza kufanya. Alimpeleka mama hospitali; daktari akampima moyo, presha, damu, akasema mama huyu atatuzika sisi sote. Alimzuia mume kwenda karakana. Alimpigia simu dada yake asisafiri popote. Alikagua nyaya za umeme, mtungi wa gesi, ngazi. Kila alipomaliza jambo moja alijua kwamba hajazuia chochote.

Jumatano akafunga chumba cha kazi. Wote watatu walikaa sebuleni tangu saa moja. Nje jua lilikuwa kali, watu wanapita wanasalimiana, siku kama siku nyingine. Mume alisimulia vichekesho vya karakana. Mama akacheka mpaka akafuta machozi.

"Leo hamfanyi kazi?" aliuliza.

"Tumepumzika, mama."

Saa tatu na nusu. Dobi akahamia kwenye kochi la mama, akaushika mkono wake. Ulikuwa wa joto. Mkavu, wenye sugu za miaka ya beseni.

Saa nne kasoro tano. Mume aliacha kichekesho katikati.

Kasoro mbili. Dobi alisikiliza pumzi ya mama. Inaingia. Inatoka.

Saa nne.

Simu ikatetemeka.

Hakuiangalia. Hakuna blogu, alijiambia. Haipo. Imefutwa, nimeona mwenyewe. Simu ikatulia. Mama akageuza uso taratibu upande wake, na yale macho yaliyofifia yakamtazama kama yanaona.

"Imetoka?" alinong'ona.

Hakuna aliyemwambia. Hakuna.

"Imetoka, mama."

"Basi."

Mama akaegemeza kichwa. Mkono ulikuwa bado wa joto, na dobi aliushika kwa nguvu, akaita, mume akaita, majirani tukasikia tukaja mbio. Tulimkuta bado ameushika. Alisema hakujua ni pumzi ipi iliyokuwa ya mwisho, ingawa alikuwa akizihesabu.

Siku arobaini zilipopita alitoa kila kitu kabatini. Alinusa kwanza. Alijichukia kwa kufuata maneno yale, lakini angefanya nini? Nguo alizifua, akazipiga pasi, akazigawa kwa ndugu. Akabakiza gauni moja la maua madogo, lile lenye harufu ya mama kuliko yote, ya mafuta ya kuchua mgongo na sabuni ya kipande. Akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akalifunga fundo, akalifungia kwenye sanduku. Ufunguo akauvaa shingoni. Jioni zilipomzidi angefungua, anuse, afunge.

Aliwahi kufanya hivyo mara mbili.

Wiki ya tatu baada ya hapo, Jumatano asubuhi, alirudi kutoka sokoni na mumewe. Sanduku lilikuwa limefungwa. Aliuvua ufunguo shingoni, akafungua. Mfuko ulikuwemo, na fundo lake. Ndani hamkuwa na kitu.

Mume ndiye aliyemwita kutoka uani. Hakupaza sauti.

Gauni lilikuwa kwenye kamba, limebanwa vizuri mabegani, linadondosha maji. Dobi akalivuta usoni, akalinusa kwapa, kola, pindo. Sabuni tupu. Chini ya kamba palikuwa na beseni ambalo hakuna mtu aliyelitoa, na ndani yake povu lilikuwa bado linapasuka, moja moja.