Hodi Chini ya Mlima

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa lifti, mtu asiyebabaishwa na giza. Alikuwa kazini ugenini, na kila Jumamosi alipanda treni kwenda kutembea. Kiswahili huko alikisikia tu mama yake akipiga simu.

Siku hiyo alikaa peke yake kwenye chumba cha behewa. Treni ikaingia kwenye handaki la chini ya mlima, taa zikazimika, magurudumu yakanguruma. Mlango ukagongwa.

"Hodi," ikaita sauti ya mwanamke.

Mazoea yana taabu. Kabla hajafikiri, mdomo ulishajibu: "Karibu!"

Hakusikia mlango ukifunguliwa.

"Asante, mwanangu. Nimeshakaribia," ikasema, safari hii humo humo ndani.

Mwanga uliporudi, kiti kilichomkabili kilikuwa kitupu, ila mto wake umebonyea. Alipoinuka kushuka, mto nao ukajaa tena, kana kwamba aliyeukalia naye ameinuka.